Pengo la Utafiti

Fomu inauliza: Taja pengo la utafiti wako.
Maneno mia tatu, yasizidi.

Pengo nimeliona. Lipo Ng'ambo, Tabora,
kati ya ukuta na bati la nyumba ya bibi yangu Nyamizi,
upana wa vidole vinne.
Popo hupitia humo magharibi,
na saa nane mchana hupita joto,
bila hodi, kama mdai wa kodi.

Chuo kiko mbali. Ufadhili ni wa miaka mitatu na nusu.
Mada: kukarabati majengo yaliyopo kwa kaboni kidogo.
Yaliyopo. Nililipenda neno hilo.
Kwetu, apataye vijisenti huanza kwa kubomoa.

Shahada ya uzamivu, wanaiita.
Uzamivu! Neno la watu wenye kina cha maji.
Sisi wa Unyanyembe tuzamie wapi?
Mimi nimezamia darini, mwezi wa kumi,
tochi mdomoni, magoti juu ya boriti za mninga,
nikaibuka na mavi ya popo kwenye nywele
na tarakimu kumi na nne daftarini.
Arobaini na tisa chini ya bati.
Thelathini na saba kitandani kwa bibi.

Babu Msabila alikuwa karani wa mizigo, reli.
Mshahara ulipotulia alibomoa tembe la baba yake,
paa la udongo lililoota nyasi kila masika,
akachoma matofali.
Tanuru liliwaka siku tano, usiku na mchana,
likala miyombo kutoka hapa hadi kwenye mizinga ya nyuki.
Moshi ule tulishautoa.
Ukiibomoa nyumba hii leo ujenge nyingine,
unauchoma msitu uleule mara ya pili.
Hiyo ndiyo hesabu yangu. Mengine ni viambatisho.

Nilitundika vipimajoto vitano.
Cha tano kikapotea.
Kumbe bibi kakihamisha:
"Kilikuwa kinaungua, maskini. Nimekiweka pangu."
Pangu ni kona ya stoo, karibu na mtungi,
anapokaa kuchambua mchele jua likiwa kali.
Siku tisa za vipimo, zimeharibika!
Nilinuna, chakula cha usiku sikula.

Kesho yake nikazisoma.
Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Mstari umetulia kama maji yasiyoguswa.
Nikapanda tena darini, mbiombio,
na juu ya kona ile nikakuta
magunia kumi na moja ya pumba za mpunga
aliyoyarundika tangu kuku wake walipokwisha kwa kideri,
akisema atafuga tena.

"Bibi, ulijua?"
"Kujua sijui. Najua pa kukaa."

Fundi Lugembe alicheka hadi akashika ngazi.
Pumba darini? Na mchwa? Na panya?
Na waya wa umeme ukicheza, nani atazima moto?
Ana haki. Nimeyaandika maswali yake yote matatu,
nikayapa namba, nikaongeza chokaa, nikaongeza majivu,
nikaongeza la nne ambalo yeye hakuuliza:
mpangaji wa vyumba viwili, asiye na nyumba wala gunia,
nani atampozea dari?

Maneno mia tatu na ishirini na sita.
Nafuta "kwa unyenyekevu mkubwa". Nafuta "endelevu" mbili.
Umeme unakatika. Simu ina asilimia kumi na moja.

Bibi, gizani, toka pale pake:
"Huko kuzama kwenu, mtu huibukia alikozamia,
au huibukia ng'ambo nyingine?"

Nimeitafuta sehemu ya kujibu hilo.
Kuna jina, kuna wadhamini, kuna tarehe ya mwisho.
Nimeketi sakafuni karibu na mtungi,
mgongo ukutani.
Ukuta, hapa, ni baridi.